Mshipa wa Mguu wa Kulia

Hiram Ngigi alikuwa amejifunza kusimama njiani bila watu kujua kwamba amesimama. Kila asubuhi alitoka kwa binti yake kwenda dukani, na akifika kwenye geti la kijani, kigimbi cha mguu wa kulia kilianza kukaza kama kamba inayosokotwa. Hapo alitoa simu mfukoni akaitazama, utadhani kuna mtu amemtumia ujumbe. Mbele kidogo palikuwa na nyumba inayojengwa. Alisimama tena, akauliza mafundi kama kona imekaa sawa. Mafundi walimpenda, wakamwita mzee wa kazi. Hawakujua kwamba yule mzee alikuwa anangoja maumivu yatulie ili amalizie safari ya kununua maziwa pakiti mbili.

Mtu huyo alikuwa ameizunguka Kajiado nzima kwa miguu. Kwa miaka thelathini na moja alimbebea mpimaji ardhi mnyororo wa kupimia, siku hizo ranchi za jamii zilipokuwa zinagawanywa, na hapakuwa na upande ambako hakusimika bikoni, yale mawe ya mipaka, kuanzia Matasia hadi mpakani. Alihesabu hatua kama watu wengine wanavyopumua. Ungemuuliza mti ule uko umbali gani, angekujibu kabla hujamaliza kuuliza, na ukienda kupima ungekuta amekosea kwa mita moja au mbili.

Katika kuzunguka huko ndiko alikoipata Illasit, kule mpakani. Alipenda udongo wake mwekundu na baridi ya asubuhi, akanunua ekari mbili na nusu, akamleta mkewe Waceke kutoka Nyeri. Wakalima vitunguu na maharagwe, wakazaa binti mmoja, Nyawira, ambaye sasa alikuwa mwalimu Kitengela na mwenye nyumba ambamo baba yake alikuwa anaishi.

Alikuja kwa miezi miwili tu. Sukari alikuwa ameambiwa anayo miaka tisa iliyopita, lakini dawa alizimeza siku alizozikumbuka. Siku moja akazirai katikati ya vitunguu. Waceke alimkuta amelala kifudifudi, mdomo umejaa mchanga. Nyawira alipofika akasema baba atakaa naye, karibu na kliniki, mpaka sukari ishuke. Waceke hangeweza kuondoka. Palikuwa na ng'ombe wawili na zamu ya maji ya mfereji, na ukikosa zamu mara mbili jirani anapewa. Ile miezi miwili ikazaa mingine, na sasa ilikuwa imepita miaka miwili.

Alimkumbuka mkewe kwa mambo madogo. Waceke alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kumwita mtu. Nyawira naye aliirithi, na kila alipokohoa jikoni, Hiram aligeuza kichwa. Kitandani bado alilala upande mmoja, ule wa ukutani, na upande mwingine shuka lilikaa limenyooka mpaka asubuhi.

Waceke alimpigia simu kila siku saa moja unusu, akishamaliza kukamua. Alimwambia ng'ombe ametoa lita ngapi, na mwana wa nani ameoa. Hiram aliuliza maswali mengi asiyoyahitaji ili simu isikatwe.

"Ile avokado ya kwa choo imezaa?"

"Imezaa, Baba Nyawira. Uliniuliza juzi."

"Ni kubwa ama ndogo?"

"Ni avokado." Kisha akakohoa kidogo. "Utakuja lini?"

"Wacha hii kliniki ya mwezi ujao iishe."

Mwezi ujao ulikuwa na kliniki nyingine. Ukweli ni kwamba kutoka barabara ya lami mpaka nyumbani kwake ni hatua elfu mbili na mia tano za kupanda mlima, na Hiram alijua ana hatua mia mbili na arobaini. Angeweza kupanda bodaboda hadi mlangoni, lakini bodaboda isingemtembeza shambani, wala kumfikisha mferejini kufungua maji. Waceke angemtazama akikaa kwenye kiti kama mgeni. Alimtaka mkewe, lakini alitaka kumwendea akiwa yule mtu aliyeondoka. Kwa hivyo alingoja, kila mwezi akawa na sababu nyingine, na mkewe akaacha kuuliza kila siku. Akawa anauliza mara moja kwa wiki.

Ni Nyawira aliyemwandikisha kwenye utafiti. Kliniki moja ya Kajiado mjini ilikuwa inatafuta watu waliokaa na sukari zaidi ya miaka mitano, wapimwe damu na miguu. Hiram alienda kwa sababu binti yake alikuwa ameomba ruhusa kazini, na hakutaka ruhusa ile iende bure.

Daktari aliyewapokea aliitwa Makena, mwanamke mwembamba asiye na haraka. Alimlaza Hiram kitandani, akamvua soksi mwenyewe, akaweka vidole viwili juu ya mguu wa kulia kutafuta mapigo ya damu, akangoja. Akavisogeza. Akangoja tena.

"Mzee, ukitembea mguu huu unauma?"

"Mguu wa mzee lazima uume."

"Sikuuliza kama ni lazima. Nimeuliza kama unauma."

Hiram alitazama dari. "Unauma."

"Baada ya kutembea umbali gani?"

"Hatua mia mbili na arobaini. Kukiwa na mlima, mia moja na sabini."

Nyawira, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkoba mapajani, aliinua kichwa. "Daddy?"

"Unaumwa tangu lini?" daktari akauliza.

"Mwaka mmoja na miezi minne."

Nyawira aliufunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Daktari akamfunga Hiram kitambaa cha presha mkononi, kisha akamfunga kingine juu ya kifundo cha mguu, akapaka mafuta baridi na kusikiliza kwa chombo kidogo mfano wa kalamu. Mguu wa kushoto ulitoa sauti ya kupiga, fu, fu, fu, kama mtu anayepuliza jiko. Wa kulia ulitoa mnong'ono tu. Baadaye wakamtoa damu chupa ndogo tatu, wakamwambia arudi baada ya wiki tatu.

Waliporudi, Daktari Makena aliandika namba mbili kwenye karatasi.

"Mkononi damu yako inasukuma mia moja na arobaini. Kwenye kifundo cha mguu wa kulia, themanini na nne. Ingetakiwa zikaribiane. Mshipa unaopeleka damu huko umekuwa mwembamba." Akaandika namba ya tatu. "Hii nayo ni ya damu. Kuna protini inayotoka kwenye ini mwili ukiwa na uvimbe mahali. Tunaiita CRP. Tunapenda iwe chini ya tatu. Yako ni tisa."

"Uvimbe wapi? Mimi sijavimba."

"Huu hauonekani kwa macho. Sukari ikikaa juu miaka mingi, na sigara ikiongezewa, maana nimeinusa kwako, kuta za mishipa zinakereka kwa ndani. Mafuta yananata pale palipokereka, na njia inazidi kuwa nyembamba. Lakini sitaki kukudanganya, Mzee. Hiki kipimo hakituambii ni wapi. Hata mafua yanaweza kukipandisha. Hata jino. Hebu fungua mdomo."

Hiram alifungua. Gego la nyuma lilikuwa limeoza tangu wakati wa korona.

"Hilo litoke," daktari akasema. "Sisi tunatafuta kujua kama wale ambao namba hii iko juu ndio mishipa yao huziba upesi zaidi. Bado hatujui vizuri. Tunachojua ni cha kufanya. Dawa ya sukari kila siku, dawa ya mafuta ya kwenye damu kila siku, na hii ndogo ya kulainisha damu. Sigara uache. Na utembee."

"Nitembee na nimekwambia nikitembea naumia?"

"Tembea mpaka uume, uvumilie kidogo, usimame mpaka uishe, halafu uendelee. Nusu saa, siku nne kwa wiki. Na kila jioni mtu akuangalie miguu, katikati ya vidole na chini. Jeraha dogo kwenye mguu usio na damu ya kutosha haliponi."

Hiram alikunja ile karatasi, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. "Naweza kwenda nyumbani?"

"Nyumbani wapi?"

"Illasit."

"Huko nani atakuangalia miguu?"

Hiram aliitia ile karatasi mfukoni. Huyo wa kumwangalia ndiye aliyekuwa akifichwa.

Jirani yao Kitengela alikuwa Mulei, Mkamba aliyefanya kazi za magadi huko Magadi mpaka uzee wake, na ambaye sasa alikuwa na mguu mmoja. Mwingine ulikatwa chini ya goti mwaka uliotangulia. Alikaa nje ya nyumba yake kila asubuhi akisoma gazeti la jana, magongo yameegemea ukuta. Hiram alikuwa amempita mara nyingi, akimsalimia kwa haraka bila kuangalia chini. Siku ya tatu baada ya Kajiado, alipoanza lile zoezi la kutembea, mguu ulimbana palepale mbele ya Mulei. Akatoa simu.

"Hiyo simu haijaita," Mulei akasema.

Hiram akairudisha mfukoni.

"Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu," Mulei akaendelea. "Kila nikisimama, nainama nafunga kamba. Siku moja bwana mdogo kazini akaniuliza, Mzee Mulei, na hivi viatu vyako si ni vya kuvaa bila kamba?" Alicheka, akalikunja gazeti. "Keti hapa. Umeambia Mama Nyawira?"

"Yuko mbali. Nitamwogopesha bure."

"Mimi mke wangu Phylis alikuwa kitanda kimoja na mimi, na nilimficha. Kidonda cha kidole, kadogo hivi. Nilivaa soksi nikilala, nikamwambia nasikia baridi. Magadi, Ngigi! Nani amewahi kusikia baridi Magadi? Wiki tatu. Alipojua, ni harufu ilimwambia." Alipapasa goti la mguu uliokatwa. "Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilinionea huruma, kikachukua mguu. Na sasa Phylis hanilaumu, lakini kuna kitu aliniuliza siku moja. Aliniuliza, kwani ulidhani mimi ni nani?"

Hiram alikaa hapo mpaka jua likafika miguuni. Aliporudi nyumbani, zile sigara mbili alizozoea kuvuta nyuma ya tangi la maji alizitoa alikozificha, akazitumbukiza chooni.

Kesho yake Waceke alipopiga, Hiram hakumngoja amalize habari za maziwa.

"Waceke," akasema. Kwa kawaida alimwita Mama Nyawira. "Sijakataa kuja. Siwezi kutembea. Nikienda hatua mia mbili na arobaini mguu unashika, nasimama kama gari limekwisha mafuta. Ni mshipa. Sukari imeuharibu. Niliogopa unione hivyo."

Akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Kwa hivyo ni mguu," Waceke akasema.

"Ni mguu."

"Tangu lini?"

Akamwambia.

"Mwaka mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwaka mzima najiambia Kitengela imemshika. Amezoea maji ya moto ya bomba, hataki tena ya huku. Wanawake wa kanisa wakiniuliza Mzee yuko wapi, nawaambia kliniki, na sikuwa naamini. Nilianza kupika chakula cha mtu mmoja, Hiram. Unajua ilinichukua muda gani kujifunza kupika cha mtu mmoja?"

"Waceke."

"Wacha. Usinipigie, na mimi sikupigii. Niko na hasira. Wacha nikae nayo."

Siku hiyo Hiram hakula chakula cha mchana. Jioni Nyawira alimwambia sukari itashuka vibaya, akamsimamia mpaka akamaliza githeri. Asubuhi iliyofuata, saa moja unusu, simu iliita.

"Umetembea?" Waceke akauliza bila salamu.

"Bado. Natoka sasa."

"Nihesabie. Ukirudi uniambie."

Ikawa hivyo kuanzia siku hiyo. Lile jino aling'olewa. Dawa alizimeza mbele ya Nyawira, na kila jioni binti yake alipiga magoti na kumulika miguu kwa simu. Asubuhi Hiram alitembea kwenye vumbi la Kitengela, akisimama waziwazi katikati ya njia mikono imening'inia, na watu wakampita. Mia mbili na hamsini. Mia mbili na themanini. Wiki moja hesabu ikarudi mia mbili na thelathini kwa sababu ya baridi, na Waceke akamwambia hata mahindi hayakui kila siku. Mwezi wa tatu akafika mia nne. Mkewe naye alianza kumhesabia za kwake: kutoka mlangoni hadi kwenye boma la ng'ombe, arobaini na mbili, kutoka hapo hadi kwenye mwavokado, sitini. Hiram alimsikia akihema kwenye simu huku akitembea na kuhesabu, akafumba macho ili aende naye.

Kadiri namba zilivyopanda ndivyo hamu ilivyozidi kumtesa. Wakati hakuwa na tumaini, alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Sasa alikuwa akiamka kabla ya alfajiri akisikia harufu ya moshi wa jikoni la Illasit, akakaa kitandani akiutazama ule upande wa shuka ulionyooka.

Mwezi wa tano Daktari Makena alimpima upya. Kwenye kifundo cha mguu namba ilikuwa themanini na nane.

"Imeongezeka nne tu?" Hiram akauliza.

"Nne si kitu. Nikipima kesho naweza kupata themanini na nne ile ile. Mshipa haujafunguka, Mzee, na pengine hautafunguka. CRP imeshuka hadi tatu na nusu. Sijui kama ni jino, sigara, au dawa. Labda ni zote."

"Lakini jana nimeenda hatua mia sita na ishirini."

"Najua. Damu imetafuta vichochoro, na misuli imejifunza kutumia kidogo inachopata. Usiache." Kisha akachukua uzi mgumu wa plastiki, akamgusa nao chini ya vidole. "Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Daktari akaandika. "Hapo hisia zimepungua pia. Hiyo ni sukari kwenye neva. Ndiyo sababu macho ya mtu mwingine ni lazima. Huko nyumbani kuna mtu?"

"Yuko," Hiram akasema.

Akapewa wiki tatu za kukaa Illasit, kisha arudi kliniki. Akiona hata mchubuko mdogo, aende hospitali siku iyo hiyo.

Waceke alikuwa akimngoja kando ya lami, Illasit, chini ya kibanda cha muuza nyanya, amejifunga leso ya kichwa mpya. Alikuwa amekonda. Walishikana mikono kama watu wa kanisa, kwa sababu watu walikuwa wakitazama, lakini hakuna aliyetangulia kuuachia mkono wa mwenzake. Mwenye bodaboda, kijana wa kwa jirani yao Musila, aliwasha pikipiki.

"Beba mzigo tu," Waceke akamwambia. "Sisi tunakuja."

Wakaanza kupanda. Hatua ya mia mbili na tisini Hiram akasimama, naye Waceke akasimama.

"Umeshika?"

"Umeshika. Ngoja."

Wakangoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na punda aliwasalimia, wakamwitikia, akapita. Maumivu yalipoisha wakaendelea. Kituo cha pili kilikuwa penye mti mkubwa wa miiba ambapo njia inapinda, na hapo Waceke akaanza kucheka kimya kimya, kwa mabega.

"Nini?"

"Nafikiria. Miaka thelathini na saba tumeoana na sijawahi kutembea na wewe. Wewe ulikuwa unatembea kama mtu anayefukuza bikoni. Mimi nimeongea na mgongo wako tu. Nikifika mwisho wa hadithi, wewe umeshafika nyumbani."

"Hukuwahi kuniambia nipunguze."

"Nilikuwa nakuambia. Ulikuwa mbele."

Hiram akasogea, wakawa sambamba. Walipoendelea, Waceke alimsimulia kesi ya maji kati ya Musila na jirani mwingine, Muteti, kesi ndefu yenye mashahidi na kuku aliyepotea, na walipofika kituo cha sita ndipo ilipokwisha. Hiram alikuwa ameisikia yote. Jasho lilimtoka, mguu ulikuwa unawaka, na jua lilikuwa limeanza kwenda upande wa pili, lakini waliingia uani kwa miguu yao wenyewe.

Waceke alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Hakumpa hata chai kwanza. Alipiga magoti, akamvua viatu, akazivua soksi na kuzigeuza ndani nje akitafuta damu, kisha akapitia kidole kimoja kimoja kwa uso ule ule anaochagulia maharagwe ya mbegu.

"Hauna kidonda," akasema. Akaushika ule wa kulia kwa viganja vyote viwili. "Lakini huu ni baridi. Huu mwingine una joto, na huu ni baridi."

"Utabaki hivyo."

"Unasikia mkono wangu?"

Hiram alijitahidi kuusikia. Kwa miaka miwili alikuwa amefikiria mkono huo. Sasa ulikuwa juu yake, na ulimjia kwa mbali, kama mtu anayemgusa juu ya blanketi.

"Kidogo," akasema.

Waceke akapandisha mkono mpaka kwenye kifundo. "Hapa?"

"Hapo kidogo zaidi."

Akapandisha tena, polepole, mpaka chini ya goti. "Na hapa?"

"Hapo nasikia."

Akauacha hapo. Nje ng'ombe alikuwa akilia akitaka kukamuliwa, na wote wawili walimsikia, lakini Waceke hakuinuka.

"Wiki tatu," akasema, kama anayepima neno lenyewe.

"Siku ishirini na moja," Hiram akajibu, "na ya leo bado haijaisha."